Baba anasema filamu za siku hizi hamna kitu: jibu kwa binti wa mwalimu

Nimeandikiwa na dada mmoja wa miaka 31, mhasibu hapa Dar, ujumbe mrefu kweli, naufupisha. Baba yake ana miaka 66, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, amefundisha Tanga karibu maisha yake yote, sasa hivi anakaa kwa binti yake kwa ajili ya kliniki ya sukari. Jumamosi wakishakula wanaangalia muvi pamoja. Kila muvi mpya mzee anaikataa: ina giza, ina makelele, hasikii wanachosema, picha zinaruka ruka, haina mwisho. Binti akaona ngoja nimwekee ya kwetu, akamwekea Vuta N'kuvute, filamu iliyotokana na riwaya ya Zanzibar, maana kitabu chake mzee amekifundisha miaka na miaka kidato cha tano na sita. Ndo ikawa balaa zaidi. Ilipofika pale wale wapenzi wawili, Denge na Yasmin, wako peke yao mzee akainuka akaenda chumbani, akarudi baadaye, na mwisho akasema hawa watu wamekiua kitabu. Binti akamwambia hiyo filamu imeenda mpaka tamasha la Toronto na nchi ikaipeleka kugombea Oscar, mzee akajibu, "Kwani Toronto wanajua Kiswahili?" Hapo binti ikamtoka, "Baba umepitwa na wakati." Hii ni wiki ya tatu, mzee akishasikiliza taarifa ya habari ya saa mbili anaaga anaenda kulala. Anauliza nani yuko sahihi, na je aache tu kumwalika.

Mdogo wangu, asante kwa kuniamini na jambo la nyumbani. Mimi kazi yangu ni kuediti filamu, zaidi ya miaka ishirini nakaa mbele ya skrini nakata na kuunga picha, na siku hizi nafundisha vijana kazi hiyohiyo, kwa hiyo nitakujibu kama fundi kwanza halafu kama mtoto wa mtu pia. Na nianze na kitu ambacho nadhani hukukitegemea: katika malalamiko matano ya baba yako, matatu hayahusu kabisa ladha yake wala umri wa mawazo yake, yanahusu TV yako na masikio yake. Ungeniuliza mimi hayo ndo ningeyamaliza kwanza kabla sijabishana naye neno moja.

Tuchukue hili la kutosikia. Filamu za sasa sauti yake inatengenezwa kwa ajili ya ukumbi wenye spika nyingi, mbele, pembeni, nyuma, na maneno ya waigizaji mara nyingi yanapitishwa kwenye spika moja ya katikati pale nyuma ya skrini. Sasa hiyo sauti ikija kwako inaminywa iingie kwenye vispika viwili vidogo vya TV, tena TV hizi nyembamba spika zake zinatazama chini au nyuma ukutani, maneno yanapigania nafasi moja na muziki na mabomu na matairi. Unaongeza sauti usikie wanachonong'ona, gari linalipuka unakimbilia rimoti. Hili sio la baba yako peke yake, mwaka 2020 ilipotoka Tenet ya Christopher Nolan watu walilalamika Marekani na Uingereza kwenye lugha yao wenyewe kwamba hawasikii wahusika wanasema nini, na vijana wengi tu siku hizi wanaangalia na maandishi chini hata kama lugha wanaijua. Halafu ongeza umri. Masikio yakianza kuchoka yanapoteza kwanza zile sauti nyembamba, yaani s, f, t, sh, zile za bati bati, wakati a, e, i, o, u zinabaki. Kwa hiyo mzee anasikia vizuri kabisa kwamba mtu anaongea, ila hasikii anaongea nini, na mtu wa namna hiyo hakwambii "sisikii", anakwambia "hawa hawajui kutamka". Na mwalimu wa Kiswahili ndo kabisa, yeye matamshi ndo kazi aliyoifanya maisha yote, lazima atawalaumu waigizaji.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwenye setingi za app unayoangalizia, kwenye sehemu ya sauti mara nyingi kuna chaguo la spika nyingi na chaguo la stereo, yaani spika mbili, chagua stereo. TV nyingi pia zina kitufe cha kuinua maneno au cha kuangalia usiku kinachopunguza makelele, kitafute. Ukipata hela nunua ile spika ndefu ya kulaza chini ya TV, hata ya bei ya kawaida, utashangaa. Washa maandishi, ya Kiswahili kama yapo, na yakuze, asisome kwa kukunja uso. Na kwa heshima zote, siku ya kliniki mwombe daktari amwangalie na masikio, maana sukari nayo inaweza kugusa usikivu, wala usilifanye liwe jambo la filamu.

Giza nalo ni hivohivo. Watu wa kazi yetu tunarekebisha rangi ndani ya chumba kisicho na dirisha, kwenye skrini ya mamilioni, tunaona mpaka mshono wa kanzu kwenye kivuli. Kwako sebuleni taa ya dari imewaka, TV ya kawaida, sini ya usiku inakuwa ukuta mweusi na watu wananong'ona ndani yake. Vuta pazia, zima ile taa, acha ya pembeni. Na kama TV yako ina ile setingi ya kulainisha mwendo, inayofanya filamu ionekane kama tamthilia iliyopigwa studio, izime leo hiihii, inaharibu kazi ya watu.

Sasa kuruka ruka. Hapa nasimama na mzee, na nasimama naye kwa ushahidi wa kazini kwangu. Wanaopima vitu hivi wamehesabu shoti, yaani kipande cha picha kutoka mkato mmoja mpaka mkato mwingine, na kwenye filamu za Hollywood za kati ya 1930 na 1960 shoti moja ilikaa wastani wa sekunde 8 mpaka 11, kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 imeshuka mpaka kati ya 3 na 6, na picha za kupigana zinashuka chini ya hapo. Jicho la baba yako limefundishwa kuangalia sinema na watu wa zamani, picha za Kihindi za saa tatu, kamera inakaa mpaka unamjua mtu anavyopumua, kuna wimbo, kuna mapumziko, mnatoka nje mnanunua karanga mnabishana kidogo mnarudi. Ukimweka mbele ya muvi ya sasa ni kama mtu aliyezoea kusoma kurasa unamgeuzia ukurasa kabla hajafika nusu. Atafika mwisho, ila hatakuwa amesoma.

Ntakupa kisa changu. Miaka kumi na kitu iliyopita niliediti filamu moja, kuna sini mama anapewa taarifa ya msiba wa mwanae. Nilikuwa kijana, najiona najua, nikaikata vipande kumi na moja, mlango, mkono, kikombe, uso, simu, uso tena, na wenzangu ofisini wakanisifu. Nikaenda nyumbani Morogoro nikamwonyesha marehemu mama yangu kabla haijatoka. Akaangalia kimya, ilipoisha akaniuliza swali moja, "Yule mama alilia au hakulia?" Nilikasirika, nikasema moyoni huyu haelewi sinema. Njia nzima kurudi Dar ndani ya basi lile swali limenikaa, nilipofika nikafungua sini nikaitazama upya, na kweli hakuna mahali popote nilipomwachia mtazamaji auone uso wa yule mama ukibadilika, nilikuwa nimeuficha ndani ya ufundi wangu. Nikarudi nikatafuta shoti moja ya sekunde ishirini na mbili, mama amekaa, basi, hakuna kingine. Hiyo ndo sini watu wananitajia mpaka leo. Tangu siku hiyo mzee akiniambia picha zinaruka ruka, nanyamaza nasikiliza.

Haya, tuje kwenye ugomvi wenyewe, maana yote hayo ya juu mngeyamaliza na rimoti, hili la Vuta N'kuvute haliishi na rimoti.

Kwanza kutoka kwake chumbani. Mdogo wangu, pale mzee hakuikosoa filamu. Mzee alilinda heshima kati yake na wewe. Kwa mtu wa pwani wa umri wake, baba na binti mtu mzima kukaa kochi moja wakati wawili wanashikana kwenye skrini ni jambo zito, haijalishi limepigwa kwa adabu kiasi gani na haijalishi kwamba kitabuni yeye mwenyewe ameyafundisha mapenzi ya Denge na Yasmin mbele ya darasa zima. Darasani kulikuwa na dawati kati yake na wanafunzi, kulikuwa na maneno. Sebuleni kwako hakuna dawati. Ungetakiwa uwe umeitazama kwanza peke yako, halafu umwambie mapema, baba kuna mahali katikati pana hivi na hivi, mimi hapo ntaenda kuchemsha chai. Ungeinuka wewe, yeye angebaki amekaa na heshima yake yote. Wala usipeleke mbele na rimoti, hiyo inatia aibu kuliko sini yenyewe.

Pili, kukiua kitabu. Hapa nataka nimsemee mwongozaji, Amil Shivji, kwa sababu naijua hesabu aliyokuwa nayo mezani. Kwenye skripti ukurasa mmoja tunauhesabu kama dakika moja hivi ya filamu. Riwaya ya Shafi Adam Shafi ina kurasa zaidi ya 200 zilizojaa watu, safari, mitaa, siasa, na filamu ni ya saa moja na nusu tu. Hakuna namna. Ukiamua kuingiza kila mhusika kila mmoja atapata dakika mbili na hatakuwa mtu tena, atakuwa jina linapita. Kwa hiyo yule kijana akashika uzi mmoja, Yasmin aliyekimbia ndoa ya mzee Raza na Denge anayepigana na ukoloni Zanzibar ile ya miaka ya 50, akaufuata huo. Unaweza kusema alichagua uzi usio sahihi, huo ni ubishi halali kabisa na mimi mwenyewe kuna watu wa kitabuni niliwatafuta sikuwaona kwa kiasi nilichotaka. Ila kuchagua ilikuwa lazima.

Na kuna kitu filamu imefanya ambacho kitabu hata kiandikwe na nani hakiwezi. Mwajuma, yule rafiki wa Yasmin, ameigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarab kweli wa Zanzibar. Ukurasa hautoi sauti. Baba yako amefundisha miaka yote hiyo akiwaeleza watoto wa bara kwa maneno jinsi uswahilini Unguja kulivyokuwa, wengine bahari yenyewe hawajawahi kuiona, leo mtoto wa Rukwa anaweza kuiona na kuisikia. Mwambie hilo, ila usimwambie kama hoja ya kumshinda, mwulize: baba, ungekuwa nayo hii darasani kule Tanga ungeitumia wapi? Nina uhakika ana jibu refu, na jibu hilo ndo uhakiki wa hiyo filamu ambao hata sisi wa kwenye fani tungeutaka.

Maana nadhani ndo mlipopishana. Mzee wako kwa miaka zaidi ya thelathini alifungua kitabu akauliza mambo mawili, fani na maudhui, na kwa mwalimu wa kizazi chake maudhui yanakaa kiti cha mbele: dhamira ni nini, ujumbe ni nini, mkoloni amesemwaje, mwanamke amesemwaje. Wewe ukikaa unaangalia fani, kamera imekaaje, rangi, nguo, ukimya, mwigizaji anavyogeuza shingo. Wewe unasema "imepigwa vizuri", yeye anasikia "kwa hiyo maneno ya Shafi sio muhimu". Yeye anasema "wamekiua", wewe unasikia "hamna mnachojua vijana". Kumbe kila mmoja ameangalia nusu ya filamu na amekasirika kwamba mwenzake hakuiona hiyo nusu.

Toronto na Oscar sasa. Ni kweli ilikwenda tamasha la Toronto 2021, na ni kweli mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kugombea Oscar, na ilikuwa mara ya pili tu kwa nchi yetu kupeleka filamu, ya kwanza ikiwa Maangamizi ya 2001, ni jambo kubwa na mimi nilifurahi kama nimeiediti mwenyewe. Lakini pale kwenye kochi haikuwa hoja. Mzee alisema kitu kuhusu kitabu anachokijua sentensi kwa sentensi, wewe ukamjibu kwa muhuri wa watu wa mbali. Swali lake la kwamba Toronto wanajua Kiswahili ni swali zuri sana, naomba ulichukue kama swali. Watu waliosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha hawakusikia lafudhi, hawakujua nani anaongea kama Mhindi wa Unguja na nani anaongea kama mtoto wa Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Yeye alisikia. Kwenye hilo baba yako ni mtaalamu kunizidi mimi na kuwazidi majaji wengi.

Ila sitampa mzee ushindi wote. Akisema sinema zilikufa na ule ukumbi wa Majestic wa Tanga hapo nampinga, na ningempinga mbele yake baada ya kumwamkia. Kilichokufa ni majumba. Wazee wetu walivaa wakapendeza wakaenda sinema familia nzima, Dar mpaka tulikuwa na Drive-in tangu 1966 watu wanaingia na gari na mikeka na sufuria za pilau, halafu fedha za kigeni za kuagizia filamu zikawa ngumu, kanda za video zikaingia miaka ya 80, watu wakahamia majumbani na kwenye vibanda umiza, na kumbi moja moja zikafungwa. Kile anachokikumbuka mzee ni filamu pamoja na umati, pamoja na kupiga kelele steringi akitokea, pamoja na ujana wake. Halafu kumbukumbu inachuja. Kwa miaka ile aliona picha mia na mia, leo anazitaja kumi, zile mbovu zote zimeshapotea kichwani, wakati za sasa anakutana nazo mbovu na nzuri kwa pamoja bila kuchujiwa na mtu. Mpe miaka arobaini na hizi za leo nazo zitabaki kumi.

Kwa hiyo umeniuliza uache kumwalika? Hapana, usiache, ila badilisha mpango mzima. Kwanza lile neno. "Umepitwa na wakati" kwa mwalimu mstaafu, tena anayeishi kwa mwanae kwa sababu ya ugonjwa, linauma mahali ambapo filamu haifiki, amelisikia kama anaambiwa yeye mwenyewe muda wake umeisha. Mwombe radhi, kwa kifupi, asubuhi ukimpelekea chai, baba samahani kwa lile neno, nilikosea. Usiongeze "lakini". Usitaje filamu siku hiyo.

Halafu acha usiku. Mtu wa sukari ameshakula, amechoka, saa tatu unamwekea giza la saa mbili na nusu, atasinzia tu na akiamka atasema haieleweki. Wekeni saa kumi jioni, pazia limevutwa, na katikati simamisha kabisa, robo saa, chai na karanga, kama zamani. Usidharau hayo mapumziko. Ubishi wa mapumziko ni mtamu kuliko wa mwisho, kwa sababu bado hakuna aliyeshinda, mnabashiri tu.

Na aanze kuchagua yeye. Umeandika anaitaja sana Sholay, ile ya Kihindi ya 1975, basi anzeni na hiyo, ni zaidi ya saa tatu na wewe utaikaa yote, simu iko chumbani. Sio kwa kumvumilia, ikae uione. Angalia wanavyomleta yule jambazi Gabbar, muda mrefu tu anatajwa watu wanaogopa na wewe hujamwona, na anapotokea unaanza kuona viatu na mkanda unaburuzwa kwenye mawe kabla hujaona uso. Kama fundi nakwambia hiyo sini nawafundishia wanafunzi wangu mpaka leo. Ukishaiona utaelewa baba yako anamaanisha nini akisema siku hizi adui hatishi.

Wiki inayofuata chagua wewe, na usikimbilie muvi za kulipuka. Tafuta ya watu wachache, mazungumzo mengi, nyumba moja, ugomvi wa familia, ambazo kamera inakaa. Zipo nyingi mpya za hivyo, Wairani na Wahindi wa kusini wanazitoa nzuri kweli, na lugha zikiwa ngeni nyote wawili mtasoma maandishi, hapo hakuna mwenye masikio mabovu.

Vuta N'kuvute irudieni, ila baada ya mwezi, na siku hiyo mpe daftari na kalamu. Nasema kweli, daftari. Mwambie baba leo nataka unifundishe kama ulivyowafundisha wale wa kidato cha sita, andika kila kilichoachwa na uniambie kwa nini kilitakiwa kibaki. Wewe andika kila kilichoongezwa. Ikifika ile sini, unajua, chai inachemka jikoni.

Nami nina ombi langu: akishaandika, nipigie picha hizo kurasa unitumie. Kuna darasa langu la vijana kumi na wanne wanaosoma kuediti mwaka huu, karibu wote wameiona hiyo filamu na nadhani watatu tu ndo wamekisoma kitabu. Mfikishie mwalimu shikamoo yangu, na umwambie kuna darasa linamsubiri.